Siku Kumi za Kumfundisha Gunia Jina Lake

Ukimpelekea Bibi Ratiba kichanga chako akione, atakifunua kidogo, atakunja uso, atasema, "Mbona kibaya hivi? Utadhani mwana wa panya." Nawe utaondoka umefurahi, umtangazie kila unayekutana naye kwamba Ratiba kamtukana mwanao. Hapa Naqada, kusini mwa Misri, mtoto husifiwa na adui. Anayekupenda humponda, jicho la hasidi lisimwone.

Ratiba ni mwoka mikate. Kila asubuhi hukanda unga, huuviringa, huuweka juu ya sahani za udongo na kuzipandisha paani, jua liuumue. Kabla mikate haijaingia tanuruni huichana pembeni kwa ncha ya sindano, ili ikiiva iote masikio. Kazi hiyo ameifanya tangu hajaolewa, na mikono yake ina harufu ya hamira hata siku ya Idi.

Alizaa watoto watatu. Wa kwanza alimwita Bahgat na wa pili Zayn, na Ratiba alipokuwa kijana alikuwa na sauti ya kupita mapaa matatu. Akiwaita wale watoto mtaa mzima ulijua kwamba Ratiba ana wana, na wana majina mazuri. Hakuna hata mmoja aliyefika miaka miwili. Hospitali walimwambia ni kuhara na joto la Agosti. Ratiba alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akarudi nyumbani na yake moyoni. Wa tatu alimwita Shahhat, yaani ombaomba, akamwandikisha hivyo hivyo serikalini bila haya. Ombaomba huyo akakua, akapanuka mabega mpaka akawa anaingia mlangoni ubavu ubavu, na sasa yuko Kuwait anaendesha winchi.

Shahhat alimwoa Rabab, karani wa posta, binti mwenye maneno machache na akili nyingi. Walikaa miaka mitano bila mtoto. Alipopatikana, wa kiume, Rabab alichagua jina mwenyewe: Siraj. Shahhat alilikubali kwa simu, likaandikwa katika cheti, na siku ya saba wanawake walikusanyika wakamweka mtoto ndani ya ungo na kumpigia kinu cha shaba karibu na sikio, kama ilivyo desturi.

"Msikie mama yako! Usimsikie baba yako!" waliimba, na kinu kikilia.

Ratiba akainama juu ya ungo, akaongeza la kwake: "Msikie bibi yako. Hao wengine wote wana kelele tu."

Kisha akamtoa mtoto ungoni, akamtia ndani ya gunia tupu la unga, akatembea naye mlango hadi mlango. "Nimeokota gunia njiani," alimwambia kila aliyefungua. "Kuna mtu kapoteza gunia?"

"Si letu," walijibu majirani wakikaza macho yasicheke. "Limechakaa. Kalitupe."

Tangu siku hiyo mtoto akawa Gunia. Mtaa ulimwita Gunia, mjomba wake alimwita Gunia, na hata Rabab, aliyeapa hataridhia, alijikuta siku moja akimkimbiza uani na soksi mkononi: "Gunia! We Gunia, rudi hapa!" Ratiba alikuwa paani. Alichana tu masikio ya mkate, akiimba puani.

Mambo yakaenda hivyo kwa miaka miwili na miezi kumi. Ndipo likizo ya kulea ya Rabab ikakaribia kwisha, posta wakamtumia barua arudi kazini, na ikabidi Gunia aende chekechea.

Shule yenyewe ilikuwa vyumba viwili na ua nyuma ya pampu ya maji. Mwalimu wake, Inshirah, alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na masharti yake yalikuwa matatu tu: mtoto asivae nepi, anywe kwa kikombe, na aitike jina lake. La nepi Gunia alilimaliza miezi kadhaa nyuma. La kikombe alilionyesha palepale, akamaliza na maji ya kikombe cha mwalimu. Likabaki la tatu.

"Siraj," akaita Mwalimu Inshirah.

Gunia akageuka kutazama mlangoni, aone nani anaingia.

"Siraj! Siraj Shahhat!"

Gunia akangoja kwa adabu. Alipoona haji mtu akamvuta bibi yake nguo. "Bibi, anaitwa nani?"

Mwalimu akaandika kitu katika daftari lake. "Masikio yake mmewahi kuyapima?"

"Masikio yake yanasikia karatasi ya peremende ikifunguliwa nyumba ya tatu," alisema Rabab, uso umemwiva. "Mwalimu, ni kwamba... nyumbani tunamwita jina jingine."

"Jina gani?"

Rabab akamtazama mama mkwe wake. Mama mkwe wake akatazama dari.

"Gunia," akasema Rabab.

"Mwite Gunia, atakuitika mpaka uchoke," Ratiba alidakia. "Kuna ubaya gani?"

Mwalimu Inshirah alivua miwani, akaifuta kwa pindo la mtandio. Alikuwa mtu wa hapa hapa, hakuhitaji kuelezwa. "Bibi Ratiba, nina watoto ishirini na wawili. Nikimwita mmoja Gunia, hao wengine watamwita hivyo mpaka siku ya harusi yake. Na akinipotea sokoni, akaokotwa na askari, akaulizwa jina? Atasema yeye ni gunia la nani?" Akafunga daftari. "Nimebakiwa na nafasi moja. Nawapa siku kumi. Akiitika, ni yake. Asipoitika, nampa mwingine, msinilaumu."

Njiani Gunia alitembea katikati yao, akiruka vidimbwi.

"Mama," Rabab alisema, "umemficha mtoto mpaka mwenyewe hajijui."

"Asijijue, awe hai."

"Na mimi nikikosa kazi?"

Ratiba alimkemea mbwa aliyekuwa anapita zake.

Masomo yalianza kesho yake. Rabab alikuwa na mpango. Alimkalisha Gunia kwenye benchi la uani, akasimama hatua tano mbele yake na kashata ya ufuta kiganjani.

"Siraj, njoo uchukue kashata."

Gunia akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akangoja.

"Siraj! Kashata hii hapa!"

Mwishowe Gunia akateremka benchini, akaja mwenyewe, akanyoosha mkono. "Siraj hataki," alisema. "Nipe mimi."

Rabab alicheka mpaka akakaa chini, na kashata ikaliwa bila somo.

Siku ya pili alimwekea kidole kifuani. "Huyu ni nani?"

"Gunia."

"Huyu ni Siraj."

Gunia akajitazama kifua, akainua fulana, akachungulia ndani. Hakumwona. Alimpa mama yake jibu la mtu mzima anayemwonea huruma mwenzake: "Hayumo, mama."

Siku ya tatu Siraj aliingia nyumbani rasmi. Ilikuwa saa ya chai. Gunia alimega mkate wake vipande viwili, kimoja akakiweka pembeni ya sinia.

"Hicho cha nani?" Ratiba aliuliza.

"Cha Siraj. Mama anamwita kila siku, haji. Ana njaa."

Kuanzia hapo huyo Siraj akawa na mto wake wa kukalia na kijiko chake. Na kwa kuwa alikuwa mtu asiyejitetea, alianza pia kufanya makosa. Mtungi wa maji ulikutwa umepasuka. "Siraj kavunja." Beseni la nguo safi lilikutwa lina maji ya rangi ambayo hayakutoka bombani. "Siraj kakojoa." Kuku wa jirani alikutwa amefungwa kilemba. Gunia alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Siraj huyo, jamani."

Mama Gharib, jirani ambaye paa lake na la Ratiba vinatenganishwa na ukuta wa kufika kiunoni, alikuja kumfuata kuku wake. "Huyo Siraj wenu ni jambazi," alisema akifungua kilemba. "Mpelekeni shule yeye. Huyu mwacheni, huyu kashalelewa."

"Nenda zako na kuku wako mwenye ukurutu," Ratiba akamjibu.

"Ukurutu unao wewe na mjukuu wako mwenye kichwa kama tikiti."

"Mungu akuweke, dada."

"Na wewe."

Siku ya sita Shahhat alipiga simu kutoka Kuwait. Rabab alikuwa amemweleza kila kitu, naye akajitosa kusaidia. Uso wake ulijaa kiooni, nyuma yake jua na vyuma.

"Siraj! Siraj mwanangu! Ni baba!"

Gunia aliisogelea simu mpaka pua ikagusa kioo. "Baba, Siraj katoka."

"Kaenda wapi?"

"Kwa Mama Gharib. Kaenda kupigwa."

Shahhat alicheka hadi simu ikamponyoka, wakaona mbingu ya Kuwait kwa kitambo, na kiatu chake. Aliporudi uso ulikuwa umetulia. "Mama yuko hapo? Mama, nikwambie neno?"

"Sema."

"Huyu mtoto haamini kitu mpaka wewe ukiseme. Nilimwambia mwezi si mkate, akaja kukuuliza wewe. Mama yake alimwambia paka hazai mayai, akaja kukuuliza wewe. Sasa Rabab anamwita jina ambalo bibi yake hajawahi kulitamka. Yeye atajuaje kama ni la kweli?" Akausogeza uso kiooni. "Mwite wewe, Mama. Mara moja tu."

Ratiba alijifuta mikono ambayo haikuwa na kitu. "Unga umeshaumuka," alisema, akapanda paani.

Rabab alimpa muda wa kupanda, kisha akamfuata. Alimkuta amechuchumaa mbele ya sahani zake, sindano mkononi, anachana masikio. Hakuinua uso.

"Nilisimama hapo," alisema, akionyesha ukingo wa paa kwa sindano. "Hapo ulipo wewe. Nilikuwa na nguo ya manjano. Nikamwita Bahgat, akatoka kule mwisho wa kichochoro anakimbia, tumbo mbele. Wanawake walikuwa wanachota maji. Wote wakageuka kumtazama, na mimi nikafurahi kwamba wanamtazama." Akachana mkate mmoja, wa pili, wa tatu. "Alikuwa anakimbia vizuri."

Rabab alijua mambo ya kuhara na mambo ya joto, alikuwa amesoma. Alichuchumaa upande wa pili wa sahani, akachukua sindano nyingine, akaanza kuchana naye. Masikio yake yalitoka yamepinda, moja kubwa moja dogo, na Ratiba, ambaye kwa kawaida asingevumilia, aliyaacha hivyo.

Kesho yake Mama Gharib alipanda kuanika bamia, akamwona Ratiba amepiga magoti, kichwa chote kimo ndani ya tanuri la baridi.

"We mwanamke! Unatafuta nini humo?"

Kichwa kikatoka, kimejaa majivu. "Panya."

"Panya gani unayemnong'oneza?"

"Panya kiziwi. Shughulika na bamia zako."

Ukweli ni kwamba alikuwa anajaribu. Ndani ya tanuri hakuna anayesikia. Alisema "Si—", akakohoa. Akasema tena "Si—", akavuta pumzi, akalimaliza lote kwa upesi, kama mtu anayevuka barabara, halafu akakaa pale akingojea kitu kitokee. Hakikutokea kitu ila masizi kumwingia puani.

Siku ya nane alijaribu kwa mtoto mwenyewe. Alimpakata, akamfunika mtandio kichwani, wakawa wawili gizani, akamnong'oneza jina lake sikioni.

Gunia alipasuka kicheko. "Unanitekenya! Tena, Bibi!"

Alirudia. Gunia alicheka zaidi, akamwekea sikio la pili. Alirudia mara ishirini, na mara zote ishirini ilikuwa pumzi ya kutekenya tu, maana kwa mtoto huyu jina halikuwa kitu cha kunong'onwa. Jina lilikuwa kitu kinachorushwa kutoka paani, kinapita juu ya kuku na kamba za nguo, kinakukuta popote ulipo.

"Haliingii," Ratiba alimwambia Rabab jioni ile. "Nimelisema, haliingii."

"Umelisema wapi?"

"Chini ya mtandio."

Rabab akamtazama, akamwongezea chai.

Asubuhi ya siku ya kumi nyumba ilikuwa vitani. Rabab alimwogesha Gunia, akamchana nywele, akamvalisha koti la shule la samawati lililopigwa pasi. Ratiba alimpita mlangoni, na mtoto akabaki na masizi kwenye paji la uso. Rabab akamfuta. Walipofika kwa muuza gesi, masizi yamerudi, sasa na shavuni. Rabab akamfuta tena kwa mate na leso. Penye pampu ya maji akagundua viatu vimevalishwa kulia kushoto na kifungo kimoja cha koti hakipo.

"Mama!"

"Kimedondoka."

"Kimo mkononi mwako."

"Nimekiokota," alisema Ratiba, bila kupepesa jicho.

Ua wa shule ulikuwa umejaa. Akina mama kama kumi na watano, wengine na bibi zao, watoto wakining'inia kwenye nguo kama nguo mbichi kwenye kamba. Mmoja analia, watatu wanamsaidia. Mwalimu Inshirah alisimama kwenye ngazi na daftari lake. Kila jina lililoitwa, mtoto akisema "naam" au akisukumwa, aliandika alama, na mtoto akaingia.

"Siraj Shahhat!"

Ua ukatulia. Rabab alimbonyeza mtoto bega. Gunia aliinua uso, akajibu kwa sauti safi iliyofika hadi pampuni:

"Siraj amelala nyumbani."

Ua mzima ulicheka, hata aliyekuwa analia. Mwalimu Inshirah hakucheka. Alimtazama Rabab juu ya miwani, na macho yake yalikuwa na huruma, lakini kalamu ilikuwa mkononi. "Siraj Shahhat," aliita mara ya pili, polepole. Gunia alitikisa kichwa: mwalimu huyu hasikii. "Basi," alisema mwalimu, akaishusha kalamu kwenye daftari. "Kama yuko nyumbani..."

"Ngoja!"

Ratiba alikuwa nyuma kabisa, mgongo ukutani. Alijua pale palikuwa na macho zaidi ya thelathini, na katika macho hayo ni nani ajuaye lipi ni la hasidi. Aliona kalamu. Alimwona Rabab, mikono imemlegea, barua ya posta ikichungulia mkobani. Akamwona mtoto na viatu vyake vya kulia kushoto.

Akavuta pumzi, akaita kwa ile sauti ya zamani, ile ya kupita mapaa matatu.

"Siraaaj!"

Njiwa waliruka kutoka kwenye tangi la maji. "We Siraj! Siraj mwana wa Shahhat! Siraj mjukuu wangu mimi!"

Gunia aligeuka ghafla, mdomo wazi. Na katika ule ukimya, kabla mtu yeyote hajapata nafasi ya kumtazama mtoto na kusema maneno mazuri, bibi mmoja aliyesimama karibu na lango akatema mate pembeni, akasema kwa sauti:

"Ndiye huyu? Mbona ana masikio kama punda?"

"Na miguu," akadakia mwingine. "Itazameni miguu, kama ya bata."

"Wangu mbaya, lakini huyu kamshinda."

"Nani kamwaga masizi juu ya chura?"

"Mfunikeni, ananitia kichefuchefu!"

Matusi yakamnyeshea kutoka kila pembe ya ua, mama kwa mama, na hata msichana wa kufagia alisimama na ufagio akatoa lake: kwamba mtoto huyo ana pua ya viazi. Ratiba alisimama katikati ya mvua hiyo, machozi yakimtoka, akiitikia kila tusi kama mtu anayepewa pole. "Mungu akulipe. Mungu akuweke. Kweli, dada, punda kabisa."

Mtoto hakuyajali. Alikuwa na shughuli ya peke yake. Alimwendea bibi yake, akaweka kidole kifuani mwake mwenyewe.

"Mimi?"

"Wewe."

"Mimi Siraj?"

"Wewe ndiye Siraj."

Alifikiri. Ilionekana waziwazi kwamba anafikiri, kwa vile ulimi ulitoka nje. Halafu uso wake ukaanza kukunjamana, mdomo ukatetemeka. "Na Gunia?"

Rabab akamgeukia mama mkwe wake. Mwalimu Inshirah, kalamu hewani, naye alingoja jibu.

"Gunia ni wangu," Ratiba alisema. Alichuchumaa mpaka wakalingana. "Ana kazi ya kunisaidia mikate. Nani atahesabu sahani? Wewe ingia usome, Gunia narudi naye nyumbani."

"Utampa mkate?"

"Wenye masikio."

"Na chai?"

"Na chai."

Mtoto alitafakari mapatano hayo, akayaona yana haki. Akaenda hadi chini ya ngazi.

"Siraj Shahhat," alisema mwalimu, safari hii kwa upole.

"Naaaam!" akajibu, kwa sauti ya kupita mapaa, na mwalimu akaweka alama.

Lakini hakwenda kukaa na wenzake moja kwa moja. Alipanda ngazi, akapitia chumbani, na baada ya muda mfupi akatokea dirishani, ameshika nondo kwa mikono miwili, anaangalia. Hakuwa analia. Alikuwa anahakikisha.

Ratiba alielewa. Akanyoosha mkono wake chini, usawa wa nyonga, akakunja vidole kama anayeshika vingine vidogo. "Haya Gunia, twende," alisema kwa sauti. Akaanza kutembea, ameinama kidogo upande mmoja, hatua fupi fupi, akikwepa vidimbwi kwa ajili ya wawili. Wanawake wakampisha. Mmoja alisogeza kapu lake lisimzuie mtoto.

Rabab alitembea pembeni yake, mkoba kifuani. Walipita pampu ya maji. Walipita kwa muuza gesi, wakakata kona, na ukuta wa shule ukapotea nyuma ya nyumba.

"Mama," alisema Rabab taratibu. "Tumeshakata kona. Hawezi tena kutuona."

"Najua," alijibu Ratiba, bila kuufungua mkono. "Lakini barabara hii ina baiskeli nyingi."